Toleo la Kwanza la Shamba la Mama Mudogo

Kule Mweso watu waliniita Injeniere, na mimi, mjinga, nikaitika. Nilisoma informatiki, elimu ya kompyuta, Goma miaka mitatu, nikarudi na karatasi moja ya shule na laptop ya mtumba, nikapata kazi kwenye sekretaria, kibanda cha mbao pembeni ya njia ya hospitali. Sekretaria kwetu ni mahali watu wanakuja kuandikiwa na kuchapiwa: barua ya kuomba kazi, barua ya kulalamika, mahubiri ya pasta, tangazo la kilio. Tulikuwa wawili, mimi na dada mmoja mwenye vidole vyepesi kuliko vyangu. Mashine nazo zilikuwa mbili, laptop yangu na ile nzee ya mezani karibu na mlango, iliyonguruma kama kinu cha kusaga mahindi. Umeme ulitoka kwenye pano moja la jua juu ya bati. Jua likizama tunafunga, hakuna mjadala.

Lazima nieleze desturi moja ya kazi yetu, maana bila hiyo hutaelewa ujinga wangu ulitoka wapi. Kwetu tarehe ni kitu anachoagiza mteja. Anakuja Papa mmoja anasema, "Injeniere, weka tarehe ya juma iliyopita, ba biro baseme sikuchelewa." Ba biro ni wakubwa wa ofisini. Tunaweka. Anakuja Mama anasema, "Weka ya ule mwezi mutoto alizaliwa." Tunaweka, na tunamtakia siku njema. Saa ya mashine nani aliiangalia? Ile nzee ya mlangoni, kijibatri chake kinachotunza saa kilikuwa kimekufa kabla mimi sijafika. Kila asubuhi ikiwashwa iliamini ni siku ya kwanza ya Januari, ya mwaka ambao mimi nilikuwa bado shule ya msingi. Dada alikuwa anaisalimia kila siku, "Bonane, Papa!" kama watu wanavyosalimiana mwaka mpya, na sisi wawili tunacheka. Miaka miwili tulicheka mzaha uleule, na hakuna aliyenunua kijibatri kingine.

Mama mudogo ndiye aliyenilea. Kwetu mama mudogo ni mdogo wake mama, na mama yangu alipofariki kabla sijang'oa meno ya utoto, yeye alinifunga mgongoni akasema huyu ni wangu. Baadaye mume wake naye akafariki. Mtoto wa kiume hakupata, alikuwa na binti mmoja tu aliyeolewa mbali, Pinga. Kilichombakia ni shamba, kwenye kilima cha upande wa Bihambwe. Lilianza juu kwenye mstari wa miyenzi, ile miti ya utomvu mweupe tunayopanda mpakani, likashuka, likavuka njia ya miguu, likaishia mtoni. Juu ya njia kuna mawe tu, na maharagwe yanaota kwa shida. Chini ya njia, mpaka mtoni, udongo ni mweusi na una unyevu mwaka mzima. Ile sehemu ya chini ndiyo iliyonisomesha. Kila nilichojifunza Goma kilitoka kwenye viazi na mateke, yaani magimbi, ya pale, alivyovibeba mwenyewe kichwani mpaka sokoni.

Jirani yake wa upande mmoja alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu. Mtu wa heshima, anaimba vizuri kanisani, anajua kuomba kabla ya chakula. Na tangu kaka yake azikwe, jicho lake lilikuwa kwenye ile sehemu ya chini.

Vita ilipotusukuma mpaka Mweso, kabla sijapata kazi ya kibandani, watu wa kilima chetu walikusanyika kwenye chumba cha kanisa. Pasta wetu alisema neno la akili: kabla hatujasahau, kila mtu aseme shamba lake linaanzia wapi na linaishia wapi, tuandike, ili siku ya kurudi ndugu wasitoane damu. Tulifuata desturi ya kwetu. Mtu anasimama, anataja mipaka yake minne, na jirani wa kila upande anajibu kwa sauti: njo vile, yaani ndivyo ilivyo. Jirani asiposema njo vile, neno halijasimama, mnabishana palepale, hata mkichelewa kula, mpaka lisimame. Mimi nilikuwa mwandishi, laptop juu ya magoti.

Mama mudogo akasimama, akakaza kitenge chake. "Kutoka ku miyenzi," akasema, "kushuka, kushuka, mpaka ku mutoni, pale ku jiwe ninaosheaka mateke."

Watu wakacheka, hata wale waliokuwa wanalia asubuhi. Jiwe lile kila mtu alilijua. Mwanamke mwingine akilikalia, Mama mudogo anamfukuza kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Shemeji alicheka kuliko wote, akapangusa macho, akasema, "Njo vile." Nilimsikia kwa masikio haya mawili.

Nikamnong'oneza Mama mudogo, "Mama, jiwe haiandikwake mu dokima."

"Juu ya nini?"

"Ba biro batatucheka."

"Basi andika mutoni. Weye njo ulisoma."

Nikafuta jiwe. Nilikuwa nimeshaliandika, nikalifuta kabla sijahifadhi. Herufi chache tu, na mimi nikajiona nimefanya kazi ya msomi.

Ile dokima, ile hati yetu, ikakua. Kila baada ya miezi michache familia nyingine za kilima chetu zilifika, zikaongezwa. Kila mwenye klé, ile flashi ya kuchomeka kwenye mashine, alitaka nakala yake, na kila mwenye nakala aliona kuna neno la kurekebisha. Zikazaliwa dokima za majina ya ajabu: Mashamba, Mashamba Mwisho, Mashamba Mwisho Kweli, Mashamba Mwisho ya Pasta. Zikaanza kelele. Mtu anakuja kibandani na karatasi mkononi, anapiga meza: jana mpaka wangu ulikuwa kwenye mkuyu, leo uko kwenye shimo, nani amekula hatua zangu kumi? Wale waliokimbia pamoja, wakalala kwenye turubai moja, wakaacha kusalimiana.

Hapo nikapata wazo, na nililipenda kupita kiasi. Programu tuliyoandikia ilikuwa ya bure, ya watu walioacha hata matumbo yake wazi, mwenye kutaka afungue aone na aongeze chake. Mimi nikafungua. Miezi kadhaa, kila saa yenye jua na isiyo na mteja, nilikuwa humo ndani. Nilitaka kitu hiki: mtu akihifadhi dokima, mpya isimeze ya zamani. Ikae juu yake tu, kama sahani juu ya sahani, na ile ya chini ibaki nzima. Tena uweze kuchukua matoleo mawili ukayalinganisha, na programu ikuonyeshe yenyewe: neno lililotolewa liwe jekundu na mstari katikati, neno lililoongezwa liwe kijani. Hakuna wa kula hatua kumi za mtu tena. Nilikuwa natetemeka kwa furaha siku ile nyekundu ya kwanza ilipotokea kwenye kioo cha laptop. Dada akaniambia, "Injeniere, unacheka peke yako kama muntu wa homa."

Ilibaki kazi moja, kujua toleo lipi lilitangulia. Kuna njia mbili. Njia ya wenye akili ni kila toleo libebe alama ya toleo lililolizaa, hapo hata ukilipeleka wapi, mzazi wake anajulikana. Njia ya wavivu ni kuuliza saa ya mashine. Nilijua zote mbili, nilifundishwa zote mbili. Lakini nakala za watu zilizokuwa kwenye klé hazikuwa na alama yoyote ya uzazi, ingebidi nikae nizisome moja moja. Na Pasta alikuwa ameshatangaza siku ya kuisoma dokima mbele ya wote, kwa sababu kulikuwa na tetesi za kurudi. Nikachukua saa ya mashine. Nikasema nitarekebisha baadaye. Baadaye! Hilo neno kwetu limezika watu.

Tarehe zenyewe nilizificha, nikaona zinachafua kioo na kuchanganya wazee. Nikaweka namba tu: toleo la kwanza, la pili, la tatu. Na penye jina la mwandishi ilitokea "Biro" kila mahali, jina la ofisi yetu, kwa sababu kibandani hakuna mteja anayeandika mwenyewe, tunaandika sisi.

Nikazunguka kukusanya klé. Watu walizitoa kwenye pindo za vitenge, ndani ya Biblia, moja ilikuwa shingoni mwa mtu na rozari. Nikaingiza nakala zote, zikajipanga zenyewe, tisa, safi. Wakawa wanakuja kuangalia nyekundu na kijani kama watu wanaokuja kuangalia mtoto mchanga. Mama mudogo naye alikuja, akainama mbele ya kioo, mikono nyuma.

"Hii nyekundu iko damu?"

"Hapana, Mama. Ni maneno yenye yalifutwa."

"Na hii kitu inakumbuka yote?"

"Yote."

"Kuliko bantu?"

"Kuliko bantu, Mama," nikamjibu. Nilikuwa na kiburi kiasi hicho.

Siku ya kusoma, chumba cha kanisa kilijaa mpaka madirishani. Sheria ilikuwa moja, na kila mtu aliikubali kwa kunyoosha mkono: neno la kwanza ndilo linasimama. Lile lililosemwa siku tulipofika, tukiwa na hofu, kabla mtu hajaanza kupiga hesabu ya shamba la mwenzake. Laptop iliwekwa kwenye meza ya mbele, mimi nyuma yake, Pasta pembeni anasoma. Anamaliza shamba moja, anainua macho. Na hapa ndipo ningepaswa kushtuka, lakini sikushtuka: majirani hawakujibu njo vile. Walinigeukia mimi. "Injeniere, mashine inasema je?" Ninabonyeza, ninasema toleo la kwanza lilisemaje, Pasta anaendelea. Asubuhi nzima ile sikusikia njo vile hata moja. Watu walikuwa wameacha kukumbuka, maana kulikuwa na kitu kinachokumbuka kwa niaba yao, na mimi nilikaa nyuma ya meza nikiwa mtu mkubwa.

Tukafika kwenye shamba la Mama mudogo. Pasta akasoma: kutoka kwenye miyenzi mpaka mtoni. Shemeji akainuka taratibu, kofia mkononi.

"Pasta, hapa kuko kosa. Shamba ya muke wa kaka yangu inaishiaka ku njia. Chini ya njia ni ya ba ndugu."

Mama mudogo akaruka kama amekanyaga moto. "Weye! Weye njo ulisema njo vile mbele ya bantu bote! Ulicheka mpaka machozi!"

"Mama, tusigombane," akasema shemeji, kwa ile sauti yake ya kuimbia. "Tuulize mashine."

Nikabonyeza. Toleo la kwanza: mpaka kwenye njia. Toleo la pili: mpaka mtoni. Neno "njia" jekundu, limekatwa katikati. Neno "mtoni" kijani kibichi. Wale wa mbele waliona kwa macho yao, wakawapasha wa nyuma, na wa nyuma wakawapasha wa madirishani. Halafu mtu mmoja, sikumwona, akasema polepole, "Kumbe mwenye kuandika ni mutoto wa dada yake."

Macho yote yakanigeukia. Nataka niseme wazi, maana nimechoka kuzunguka: nilijua. Nilikumbuka jiwe, nilikumbuka kicheko, nilikumbuka njo vile ya shemeji na namna alivyopangusa macho. Nilijua toleo la kwanza nimeliandika mimi, kwa mikono hii, na niliandika mtoni. Ilitosha kusimama na kusema: mashine inakosea, mimi nilikuwepo. Lakini mashine ikikosea hapa, imekosea wapi tena? Asubuhi nzima ingemwagika. Na mimi ningekuwa nani? Mwizi aliyemwandikia mama yake mudogo shamba, akatengeneza na chombo cha kufichia. Haya yote niliyawaza haraka kuliko ninavyoyaandika. Woga ukiwa na shule una mbio sana.

"Injeniere," Pasta akauliza, "ya kwanza iko gani?"

Mama mudogo hakuwa anaangalia kioo. Aliniangalia mimi.

"Ya kwanza iko njia," nikasema. Halafu nikaongeza, na hakuna aliyeniomba kuongeza, "Mashine haidanganyi."

Hakulia. Alikaza kitenge, kama siku ile ya kwanza. "Basi kama haidanganyake," akasema, "mimi njo nilidanganya." Akapita katikati ya watu, wakampisha, akatoka. Mchana dokima ikachapwa, watu wakachovya vidole kwenye wino, kila mtu kwenye mstari wake. Kwenye mstari wake yeye tuliandika kwamba hayupo. Nakala zikaenda kwa wakubwa, zikawekwa mahali wanapoweka karatasi.

Majuma mawili baadaye alipanda moto, yaani pikipiki, akaenda Pinga kwa binti yake. Hakuniaga. Kwa jirani aliniachia sufuria ya maharagwe, akasema, "Mumupatie mutoto, hajuake kujipikia." Nilikula yale maharagwe siku mbili. Ningefanya nini, ningeyatupa?

Kazi iliendelea. Halafu asubuhi moja alikuja Papa mmoja wa kilima chetu, mtu aliyefika Mweso nyuma yetu sana, karibu mwaka mzima nyuma, kwa sababu yeye alijificha kwanza upande wa Walikale. Alitaka nakala ya ukurasa wake. Nikafungua historia ya dokima nimwonyeshe, kwa kujivuna kidogo, ni toleo gani jina lake liliingia. Programu ikasema: toleo la kwanza.

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka. Siku ya toleo la kwanza mtu huyu hata hatukujua kama yuko hai. Nikafungua toleo la pili: hayumo. La tatu: hayumo. Toleo la kwanza lilimjua mtu ambaye hajafika, toleo la pili lilikuwa limemsahau. Nikaichomoa ile tarehe niliyoificha mimi mwenyewe, nikaisoma. Siku ya kwanza ya Januari, mwaka wa mimi kuwa shule ya msingi. Wakati huohuo, pale mlangoni, dada alikuwa anawasha mashine nzee. "Bonane, Papa!" akaisalimia.

Mama wee! Nilikaa chini sakafuni, mteja akadhani nimepandwa na malaria.

Nilipomuuliza nani aliigusa dokima kwenye mashine nzee, dada alikumbuka bila shida. Ni siku niliyokwenda Kitshanga kutafuta wino. Shemeji alikuja na klé yake, kwa adabu, akaomba neno moja libadilishwe, akasema Injeniere aliandika vibaya. Dada akalibadilisha kwenye mashine ya mlangoni, akahifadhi, akamtakia siku njema. Ndivyo tunavyowafanyia wateja wote, nimewafanyia mimi mwenyewe mara mia. Nilijaribu kumkasirikia dada, sikuweza. Na mashine nzee iliweka tarehe yake ya siku zote, na programu yangu, chombo changu cha ukweli, ikaipokea kwa heshima, ikaiketisha kwenye kiti cha kwanza. Sisi ambao tarehe kwetu ni neno la mteja, mimi ndiye niliyejenga juu ya tarehe! Mtu wa Ulaya angekosea hivyo kwa kutotujua. Mimi nilikosea nikiwa nimekaa hatua tatu kutoka pale, nikicheka mzaha wa bonane.

Nikakimbia kwa Pasta. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mutoto yangu, karatasi ilishakwenda," akasema. "Tukifungua shamba moja, yote itafunguka. Bantu batachinjana."

"Lakini ni uongo, Pasta!"

"Siku ile nilikuuliza mbele ya Mungu. Weye njo ulijibu."

Nikaenda kwa shemeji. Nilikwenda na hasira ya kuvunja mlango, nikamkuta anakula, akanikaribisha. Akaniambia ile sehemu ya chini alishaiuza, na ile ya juu ya njia pia, maana mwenyewe alishahama, kwa mtu wa Goma ambaye sisi hatumjui, na kumeshazungushwa waya. Halafu akasema, akitafuna, "Enda uambie bantu mashine yako inadanganyaka. Batakuamini tena wapi?" Alisema kweli. Hilo ndilo linaniuma, mwizi alisema kweli.

Juma lile niliitengeneza programu kwa njia ya wenye akili. Nikakaa na zile nakala, nikazisoma mstari kwa mstari, kila moja nikaipa alama ya mzazi wake, saa ya mashine nikaitupa nje. Ilinichukua siku nne. Siku nne tu! Zilikuwepo siku nne kabla ya mkutano, nilizitumia kupamba rangi. Sasa inafanya kazi vizuri kabisa. Ukifungua dokima ya kilima chetu utaona toleo la kwanza la kweli, mtoni, na mbele zaidi utaona neno la shemeji likiingia kijani, mahali pake, mchana kweupe. Watu wa mashirika wanakuja kibandani wanasifu. Mmoja aliniuliza kwa nini nisiipeleke Goma. Ninawachapia barua zao tu.

Nikachapa ukurasa wa Mama mudogo, nikauweka kwenye plastiki, nikapanda moto kwenda Pinga. Njia ile ukiifahamu hutaniuliza. Mpaka Kalembe tulikwenda tumekaa, kutoka Kalembe tulikwenda tukisukuma, motari anatukana matope, mimi nimeishika karatasi ndani ya shati kama mtu anayebeba yai. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nitamwambia kosa lilikuwa la saa. Nitamwambia kijibatri, mwaka, mashine nzee. Ni maelezo mazuri, yana mantiki, hata mtoto anayaelewa.

Nilimkuta jikoni kwa binti yake, amekaa kwenye kigoda, anamenya muhogo. Binti alikuwa sokoni. Amekonda. Mikono ilikuwa ileile.

"Karibu, mutoto yangu. Ulikula?"

Nikampa karatasi. Akapangusa mikono, akaishika, akanirudishia, kwa sababu hajui kusoma.

"Soma."

Nikasoma: "Kutoka kwenye miyenzi, kushuka, mpaka mtoni."

"Na jiwe?"

"Jiwe haiko, Mama. Niliifuta. Ata mu toleo moja haiko."

Akatikisa kichwa. Kuku aliingia, akamfukuza kwa mguu.

"Sasa mashine njo ilikuambia kama sikudanganya?"

"Ndiyo, Mama."

"Na kabla ya mashine kukuambia, weye ulikuwa unajua?"

Yale maelezo yote, kijibatri, mwaka, saa, yalikuwa mdomoni. Nikayameza.

"Nilikuwa najua."

"Tangu ile siku ya kanisa."

"Tangu ile siku."

Hakushtuka. Nilisafiri njia yote ile kumpelekea habari, na yeye alikuwa nayo tangu aliponiangalia juu ya kile kioo.

"Shamba iko namna gani sasa?"

"Aliiuzisha. Kuko waya."

"Kumbe," akasema. Akaikunja karatasi mara mbili, akaiweka chini ya kigoda. Kisha akanitazama tena, vilevile kama kanisani.

"Sema basi."

"Niseme nini, Mama?"

"Ile yenye bote balikataaka kusema. Sema."

Mle jikoni tulikuwa wawili. Pasta hakuwepo, shemeji hakuwepo, na wale wa madirishani hawakuwepo.

"Njo vile," nikasema.

Akasubiri kidogo, maana kwetu shamba lina pande nne na sauti ilikuwa moja. Halafu akachukua kisu, akaendelea kumenya muhogo.